Mita Mia Tatu za Celestin

Kila mtu wa Kimuli aliyepimiwa ardhi kati ya mwaka 1981 na 1998 alimwona Celestin, hata kama hakulijua jina lake. Alikuwa yule mtu mrefu, mwembamba, aliyetangulia mbele ya wapimaji akivuta mnyororo wa chuma kupita katikati ya migomba, akisimama, akichomeka alama ardhini, akisema "Tayari," kisha akiendelea. Wapimaji walibadilika. Walitoka Bukoba na Muleba, wakakaa miaka miwili mitatu, wakahamishwa. Mshika mnyororo alibaki yeye yule. Mipaka ya vibanja vingi vya tarafa nzima ilipita mikononi mwake, na hakuna ramani hata moja iliyoandikwa jina lake.

Mimi ndiye mpimaji wa mwisho kufanya kazi naye. Naandika habari zake kwa sababu nilishiriki kumwangamiza, na kwa sababu ofisini bado wapo wanaosema kwamba jambo lile lilikuwa bahati mbaya ya mashine.

Celestin aliuvuka mto Kagera kutoka Rwanda mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka kumi, pamoja na mama yake, Nyirabahire. Baba hakuvuka nao. Ng'ombe wawili waliokuja nao walikufa kabla mwaka haujaisha, kwa maana kulikuwa na mbung'o wengi. Nyirabahire alikuwa mwanamke asiyependa kungoja mgao wa wakimbizi, kwa hiyo akaingia ukibarua katika vibanja vya Wanyambo, wenyeji wa huko, akipalilia na kulipwa mikungu. Mtoto akakulia chini ya migomba ya watu. Aliniambia kwamba mpaka alipofika miaka ishirini na minne hakuwahi kulala katika nyumba ambayo mtu mwingine hakuwa na uwezo wa kumwambia atoke.

Mwaka 1976 ndipo walipopata kibanja chao. Kilikuwa kichaka cha ekari nne hivi kando ya msitu wa hifadhi wa Nyakahita, upande wa kaskazini wa msitu huo. Mzee mmoja Mnyambo, mume wa Bibi Kokuhirwa, aliwapa kwa mbuzi wawili na kazi ya miaka mitatu waliyokuwa wamekwisha kumfanyia. Siku ya kukabidhiana, mpaka ulipandwa.

Nasema ulipandwa kwa sababu huku kwetu Kagera mpaka wa kibanja ni mti. Mti wenyewe huitwa omuramura, na ikiwa mingi ni emiramura: shina jembamba, majani marefu yaliyochongoka, mbuzi haugusi, na ukiukata unachipua. Mwenye ardhi anaupanda kwa mkono wake, majirani wakiwa wamesimama pande zote mbili wakitazama. Kuung'oa ni aibu kubwa kuliko kuiba mkungu wa mtu, na hata ukiung'oa, mzizi hubaki chini ukakushitaki. Mzee yule alipanda emiramura saba kukizunguka kibanja, watu wakanywa rubisi ya ndizi, shughuli ikaisha. Kati ya omuramura wa mwisho na miti ya kwanza ya msitu waliacha nafasi pana ya kutosha kugeuzia kundi la ng'ombe, ili serikali isije ikasema siku moja kwamba imeguswa.

Mizinga ya vita vya mwaka 1978 ilipolia upande wa Kyaka, baadhi ya majirani walianza kumtazama Celestin kwa jicho jingine, kama watu wenye hofu wanavyomtazama yeyote aliyetoka ng'ambo. Yeye alizidi kupanda kahawa. Baada ya vita alipata hati ya uraia, akaiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga na kulichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya kitanda. Akaoa Mukakalisa. Nyirabahire akafa mwaka 1983 akazikwa pale pale kibanjani, chini ya mgomba alioupanda mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza, Celestin alisema, kwa mtu wa ukoo wake kuzikwa katika udongo wa ukoo wake tangu walipovuka mto.

Nilimkuta katika hali hiyo Agosti 1997: mtu wa miaka arobaini na mitano, mwenye migomba minene, mke, kaburi la mama na kazi ya kushika mnyororo.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimetoka chuoni Morogoro, na kichwa kilikuwa kinachemka. Kwetu Muleba nilikuwa nimeona mnyororo ukilegezwa kwa ajili ya mbuzi. Nilikuwa nimeona mjane akipoteza mistari sita ya kahawa kwa sababu mpimaji alikula kuku kwa jirani yake. Niliapa kwamba nikipata kazi nitaukomesha uchafu huo, na nilipopangwa kwenye mradi wa kuhakiki mipaka ya misitu nikaamini kwamba nimepewa silaha. Mradi ulikuwa umeletewa kompyuta tatu za kiganjani, kila moja na antena nene kama kidole gumba, zinazosikiliza setilaiti na kukuonyesha mahali ulipo duniani. Setilaiti hailewi. Setilaiti haili kuku wa mtu. Niliyasema hayo kwenye kikao cha kwanza, na mkuu wa mradi, Bwana Apolinary, mtu wa Bukoba aliyependa mambo yaende haraka, akacheka akasema basi kijana huyu ndiye atakayevichagulia vifaa programu.

Vifaa vilikuja na programu mbili za majaribio kwenye disketi. Tulitakiwa kuchagua moja, ya pili irudishwe. Ya kwanza ilikuwa kavu kama daftari la karani: namba tupu, hakuna picha. Tena kila ulipoanza kazi mpya ilikuuliza namba zako umezitoa kwenye ramani ya hesabu ipi, ikakuletea orodha ya majina zaidi ya mia moja ya kuchagua, nayo ilikataa kuendelea mpaka umejibu. Ya pili ilikuwa na mshale. Ulitia namba za mahali unapotaka kwenda, mshale ukageuka, ukaufuata, na ulipofika kifaa kikalia. Njia uliyopita ilijichora yenyewe. Haikukuuliza kitu.

Nilizijaribu siku mbili. Niliweka alama ofisini, nikatembea mpaka kwenye zahanati, kanisani na kwenye ghala la kahawa, nikaweka alama kila mahali, kisha nikazitaka zinirudishe. Zote mbili zilinirudisha. Miaka ile wenye setilaiti walizifanya ziyumbeyumbe kwa makusudi, kwa hiyo kukosea mita hamsini, wakati mwingine hata mia, lilikuwa jambo la kawaida. Tulisimama muda mrefu tukachukua wastani. Ziliyumba sawasawa. Basi nikaona kinachobaki ni wepesi, na kwa wepesi ile ya mshale haikuwa na mpinzani.

Vibarua walikuwa wakinifuata wakitaniana. Fidele, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, alikiita kifaa redio isiyoimba. Celestin hakucheka. Alikishika, akakigeuza, akanirudishia.

"Mtaalamu," alisema, "kabla hujachagua, twende navyo vyote viwili kule juu Rwenkende. Lile jiwe la vipimo, namba zake zimo kwenye daftari la ofisi, na zimetoka kwenye ramani ile ile ya msitu. Tusimame juu ya jiwe. Kitakachosema tumefika, hicho ndicho."

Rwenkende ni kilima. Kwenda na kurudi ni siku nzima, na mvua za mwishoni mwa mwaka ule ndizo zile zilizong'oa madaraja. Hizo zilikuwa sababu mbili nzuri. Lakini sikumpa hata moja kati ya hizo. Nilimwambia: "Mzee Celestin, jiwe lile liliwekwa na wakoloni kwa darubini na kamba. Tutaipimaje setilaiti kwa jiwe?"

"Mwache mzee," Fidele akasema. "Anaogopa mnyororo wake utaliwa na kutu."

Wakacheka, nami nikacheka. Jioni hiyo nikaandika taarifa ya kurasa mbili kuisifu programu ya mshale, na chini yake nikaweka sentensi ambayo naijua kwa moyo mpaka leo: nimehakiki usahihi wake na nimeridhika. Nikatia saini. Disketi za ile kavu zikafungwa kwenye bahasha zikingoja gari la kuzirudisha, na kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika, zikabaki kwenye droo.

Februari 1998 tukaanza kuweka mpaka wa Nyakahita. Mawe ya zamani yalikuwa yamefunikwa na msitu au yamebebwa na watu kujengea mafiga. Tulikuwa na ramani ya mwaka 1964 yenye namba za kila pembe. Nilizitia kwenye kifaa, mshale ukageuka, tukaufuata. Kila kifaa kilipolia, vibarua walichimba shimo, wakasimika nguzo ya zege, wakaipaka rangi nyekundu kichwani.

Siku ya tatu mshale ulitutoa vichakani ukatuingiza kwenye vibanja. Celestin alikuwa mbele, amebeba nguzo begani. Nilimwona akipunguza mwendo. Tulipita nyumba ya kwanza, ya pili, kisha tukafika kwake. Mukakalisa alikuwa uani akianika maharage. Alinisabahi akaleta kigoda, akidhani tumekuja kunywa maji. Kifaa kikalia tukiwa tumesimama karibu na barabara, upande wa juu wa kibanja. Msitu ulikuwa mbali kule chini, nyuma ya nyumba, nyuma ya kaburi, nyuma ya migomba yote. Nje ya mpaka ilibaki mistari miwili tu ya kahawa.

Celestin aliitua nguzo chini.

"Si hapa," alisema.

Nilimwambia kifaa kinayumba, tungoje. Tukangoja saa nzima. Wastani ulitoka pale pale.

"Mwaka themanini na sita nilivuta mnyororo kutoka Rwenkende mpaka pembe ya msitu," alisema. "Mimi mwenyewe, na marehemu bwana mpima wa wakati ule. Pembe ipo kule chini penye chemchemi. Nikuonyeshe."

"Mnyororo hulegea, mzee. Huu ni mwaka tisini na nane."

Alinisogelea. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie, "Mwanangu, una hakika?"

Nikamwambia ninayo.

Nilitegemea atakataa kuchimba. Hakukataa. Baadaye nilielewa: Mnyambo angekataa, angetukana, angekaa juu ya shimo, na watu wangesema ana uchungu na mali yake. Yeye angekataa, wangesema Mnyarwanda anapinga serikali. Kwa hiyo alichukua jembe akachimba mwenyewe shimo la nguzo iliyomtoa kwake, futi mbili, kuta zimenyooka kama alivyozoea, Mukakalisa akiwa amesimama na ungo mkononi. Fidele siku hiyo hakuwa na utani.

Kaya kumi na moja ziliangukia ndani ya mpaka. Kijiji kikapiga kelele, na Bwana Apolinary akakubali kuja kusikiliza. Baraza likakaa pale kwa Celestin, kwa kuwa ndiye aliyepoteza vingi zaidi. Aliyesema zaidi alikuwa Bibi Kokuhirwa, mjane wa yule mzee aliyetoa kibanja, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, mwenye fimbo. Alimpeleka mkuu kwenye omuramura wa upande wa chini, akaagiza ufukuliwe kidogo, watu wauone mzizi ulivyo mnene.

"Mume wangu aliupanda huu mimi nikiwa nimeshika jembe," alisema. "Na msitu ulikuwa kule ulipo sasa. Wewe mwenzetu umetoka Bukoba. Baba yako alikuzaa kwenye kibanja kisicho na emiramura?"

Watu wakacheka. Bwana Apolinary naye akacheka, akamshika bibi mkono kwa heshima. Alisema emiramura anaiheshimu, hata kwao ipo, lakini mti unaonyesha mtu na mtu walipatana wapi, hauonyeshi serikali iko wapi. Kisha akatoa taarifa yangu kwenye mkoba, akaisoma ile sentensi ya mwisho kwa sauti, pamoja na jina langu: Melkiory, mpimaji, nimehakiki usahihi wake na nimeridhika. Akauliza kama kuna mwenye elimu ya kuipinga.

Celestin alikuwa amesimama mbele yangu. Hakunigeukia. Nilikuwa nikiutazama ule mzizi. Kwetu Muleba babu yangu alinionyesha mzizi kama ule nikiwa na miaka sita, akanifundisha kwamba nyoka na mwanadamu wanaweza kusema uongo, huo hausemi. Chuo kilikuwa kimenifunika masikio, au niseme kweli: nilikuwa nimeyafunika mwenyewe, nikakisingizia chuo.

Kesho yake nilipanda Rwenkende peke yangu.

Jiwe lilikuwepo, limeota ukungu, na msumari wa shaba katikati. Nilitia namba zake kama zilivyo kwenye daftari, nikasimama juu yake, nikangoja. Kifaa hakikulia. Mshale uligeuka kaskazini ukanitaka niende mita mia tatu na kumi zaidi, hewani, juu ya bonde. Nilikaa pale saa mbili. Mshale ule ule, mia tatu, mia tatu na ishirini, mia mbili tisini. Nikashuka nikikimbia, nikafungua droo, nikatoa disketi za programu kavu, nikaitia kwenye kifaa. Ikaniuliza swali lake. Asubuhi nikapanda tena, na safari hii nilikuwa nimelijibu. Nikiwa juu ya jiwe ikasema nimebakiza mita arobaini, na huko ndiko kuyumba kwa kawaida.

Kumbe swali lile lililonichosha ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa hesabu zilizoikadiria dunia umbo moja, setilaiti zinaikadiria umbo jingine. Namba zile zile, zikisomwa kwa hesabu mbili, zinaangukia mahali pawili. Kwetu sisi tofauti ni kama mita mia tatu, na ukikosea unasogea kaskazini. Nilifundishwa hayo chuoni. Niliyajibu kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Lakini nilipojaribu programu nilizitaka zinirudishe kwenye alama nilizoweka kwa vifaa vyenyewe, na hata mwongo hurudi salama nyumbani kwake. Sikuwahi kuzipeleka mahali palipokuwa na namba kabla ya vifaa kuja. Mshika mnyororo wa darasa la nne alilijua jaribio ambalo mimi sikulifikiria, nami nilimcheka.

Msitu mzima, basi, tulikuwa tumeusogeza kaskazini. Upande wa Celestin ulimeza kaya kumi na moja. Upande wa kusini uliachia malisho mazuri, na ng'ombe wa watu wanaojulikana walikuwa wamekwisha kuingia.

Nilimpelekea Bwana Apolinary hesabu zote. Alizisoma, na sidhani kwamba hakuzielewa. Alisema nguzo mia moja na sita zimekwisha kusimikwa, taarifa imekwenda mkoani, wafadhili wanafika mwezi wa sita kufungua rasmi.

"Unataka niwaambie msitu umetembea?"

"Nataka uwaambie nimekosea."

"Hukukosea," alisema, akanisogezea karatasi yangu. "Umehakiki, ukaridhika. Saini ya nani hii?"

Nilimwambia nitaandika juu zaidi. Akanijibu niandike, karatasi zipo. Niliandika barua nne. Wiki ya tatu nikapata barua moja, ya kunihamishia ofisi ya Rugera, kupima maeneo ya shule.

Kabla sijaondoka nilimweleza Celestin kila kitu, kwake, mbele ya mkewe. Nilifikiri atanifukuza. Mukakalisa aliondoka akaingia ndani. Yeye aliniuliza swali moja la kazi: upande gani. Nikasema kaskazini, na magharibi kidogo. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi aliyethibitisha jambo.

"Kwa hiyo mimi sikukosea mwaka themanini na sita."

"Hukukosea, mzee."

"Vema," alisema. Na akaniomba nisimlete tena mtu pale wala nisigombe kwa jina lake, kwa kuwa mimi nitahamishwa tu, lakini yeye ataulizwa alitoka wapi.

Waliondolewa wiki ya kwanza ya Juni. Sikuwepo, aliyenisimulia ni Fidele. Walipewa mpaka saa sita mchana. Walinzi wa msitu walikata migomba na kahawa bila shida, lakini walipoambiwa wang'oe emiramura, mmoja baada ya mwingine alikumbuka ana kazi upande mwingine. Bwana Apolinary naye hakuigusa. Ikabidi waletwe vibarua waliokuwa wakitengeneza barabara, watu wa mikoa ya mbali wasiojua ule ni mti gani, nao wakaing'oa yote saba na kufukua mizizi, kwa kuwa walilipwa kufukua. Mukakalisa alikuwa akitoa vyungu na matandiko. Celestin alikuwa kaburini akilisawazisha udongo, lisije likajulikana na ardhi nyingine, wakalichimba. Alipokumbuka kopo la hati, walinzi walikuwa wameshalitia paa moto.

Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye nilipata jibu kutoka juu. Septemba 1999. Barua ilisema hoja zangu zimeonekana kuwa sahihi, mpaka wa Nyakahita utarudishwa mahali pake kwa kutumia hesabu za ramani ya mwaka 1964, na ninapongezwa kwa uzalendo. Nililia ofisini kwa furaha, mjinga mimi. Nguzo zilihamishwa kweli. Ardhi ya kaya kumi na moja ilirudi kijijini, na kamati ya kijiji ikatangaza kila mwenye haki aje na ushahidi wake. Kumi walikwenda wakasimama na ndugu zao. Celestin hakuwa na ndugu. Bibi Kokuhirwa alikuwa amekufa miezi miwili kabla. Alama hazikuwepo, mizizi haikuwepo, hati ilikuwa majivu. Kamati ikaandika kwamba kipande kile hakina mwenyewe, ikakigawa kwa mfanyabiashara mmoja, ambaye sasa amepanda maharage.

Nilimtafuta nikampata Chonyonyo mwezi wa Novemba, wakati wa senene. Alikuwa kibarua katika kibanja cha mtu, yeye na Mukakalisa, wakilala kwenye kibanda cha kuhifadhia kahawa. Alikuwa na miaka arobaini na saba, nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilimwamkia, akaniitikia. Mukakalisa hakuitikia, akaendelea kupalilia, na sikumlaumu.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka twende mahakamani, nilikuwa nimekwisha kuandika madai, nikampa mkononi, nilikuwa tayari kusimama kizimbani na kusema ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kile kidude ninacho. Kilikuwemo kwenye mkoba.

"Kina programu ipi?"

"Ile kavu, mzee. Ile inayouliza."

"Kaburi la mama unajua namba zake?"

Nilizijua. Nilikuwa nimezichukua siku niliyomweleza kosa langu, kabla sijahama. Akasema kila Jumapili asubuhi huketi mlangoni pa kibanda akitazama Kimuli na kusali kidogo, na alitaka kujua kama anatazama sawa. Akanionyesha kwa kidevu pengo kati ya vilima viwili.

Nikakiwasha, kikaniuliza swali lake, nikajibu. Tukangoja zitokee setilaiti, dakika nne au tano. Zilipotokea, namba zikasimama: kilomita hamsini na kitu, na upande. Haukuwa ule wa pengo. Nikafikiri kumwambia ndiyo, ni huko huko, mzee, maana ingemgharimu nini. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwambia nina hakika mara moja.

"Kushoto zaidi," nikasema. "Elekea kwenye ule mgomba uliovunjika."

Alivuta kigoda chake akakigeuza, akakaa, akatazama. Pale mbele palikuwa na ukuta wa migomba ya mwenye kibanja, huoni hata kilima.

"Hapa sioni mbali," alisema.

"Ndiko liliko, mzee."

Madai niliyoandika yalikuwa bado mkononi mwake. Aliyakunja mara mbili, akanirudishia, akainuka akachukua jembe na kumfuata mkewe kwenye mstari.